Kupeleka data za zamani kwenye tepu kila wiki: GDG, MOD, ADRDSSU au HSM, uchukue ipi?

Wakuu, tuseme una faili la miamala kwenye z/OS, ule mfumo endeshi wa mainframe za IBM, aina ya VSAM KSDS (faili ambalo rekodi zake zinatafutwa kwa funguo), limekaa miaka kumi linanenepa tu, jobu za usiku ambazo zamani zilikuwa zinaisha saa nane sasa zinagusa saa kumi na mbili asubuhi wakati CICS, mfumo unaohudumia miamala ya mchana, inatakiwa ifunguke, na jamaa wa storeji kila siku wanapiga simu. Bosi anasema hamisha data za zamani ziende tepu kila wiki. Sawa, ila kwa njia ipi? Maana ziko kama nne hivi na zote zitafanya kazi vizuri tu wiki ya kwanza, kasheshe inaanza mwaka wa tatu au wa tano mtu anapokuja kuidai ile data.

Mi msimamo wangu nauweka mapema. Wengi wanachagua kwa kuangalia ipi ina JCL (maelekezo ya kuendesha jobu) fupi, we angalia nani atakuja kuidai hiyo data, ataitaka kwa umbo gani na atakupa muda gani. Mkaguzi anayetaka miamala ya akaunti moja kwa miezi mitatu ya mwaka fulani ni kesi nyingine kabisa na programa anayetaka faili zima lirudi lilivyokuwa.

GDG, jenereshini mpya kila wiki

Hii ndo njia ya wazee na mpaka leo nadhani inafaa watu wengi. GDG ni kundi la dataseti (yaani faili) zenye jina moja na namba zinazopanda, kila moja inaitwa jenereshini. Unatengeneza msingi wake kwa IDCAMS, programu ya kusimamia faili, kila Jumapili jobu inasoma faili kuu, rekodi za zamani zinaenda jenereshini mpya kwenye tepu, zinazobaki zinaenda faili jipya, basi. DFSORT, programu ya kupanga na kunakili rekodi, inafanya mgawanyo wote kwa kusoma faili mara moja tu:

//GAWA     EXEC PGM=SORT
//SYSOUT   DD SYSOUT=*
//SORTIN   DD DSN=PROD.MIAMALA.KUU,DISP=SHR
//ZAKALE   DD DSN=AKV.MIAMALA.WIKI(+1),
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),UNIT=TEPU,
//            VOL=(,,,20),RETPD=2557
//ZABAKI   DD DSN=PROD.MIAMALA.ZABAKI,
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),UNIT=SYSDA,
//            SPACE=(CYL,(2000,500),RLSE)
//SYSIN    DD *
  OPTION COPY
  OUTFIL FNAMES=ZAKALE,INCLUDE=(21,8,CH,LT,DATE1-730)
  OUTFIL FNAMES=ZABAKI,SAVE
/*

Hapo tarehe ya muamala iko nafasi ya 21, herufi nane, na kila kitu chenye zaidi ya siku 730 kinaondoka (DATE1 ni tarehe ya siku jobu inapokimbia). Uzuri wa kuandika DATE1-730 badala ya kusema "wiki iliyopita" ni kwamba jobu ikikosa kukimbia Jumapili moja, ya wiki inayofuata inabeba zote mbili, hakuna pengo. Jina UNIT=TEPU ni la kwangu, kwenu litakuwa lile mlilopewa na watu wa mfumo.

Sasa twende kwenye mambo yanayouma. La kwanza ni LIMIT. GDG ya kawaida mwisho wake jenereshini 255, na kwa wiki wiki 255 hazifiki hata miaka mitano, miaka mitano ni wiki 260. Kwa hiyo ukiambiwa tunza miaka saba na we umeandika LIMIT(255) ukaona umemaliza, jenereshini ya 256 ikiingia ya kwanza inatolewa kwenye katalogi (orodha ya mfumo ya faili ziko wapi) kimya kimya. Kuanzia z/OS 2.2 kuna GDG iliyopanuliwa, neno lake ni EXTENDED, inafika 999, hiyo ni zaidi ya miaka 19 kwa wiki, ichukue hiyo toka siku ya kwanza. Na hakikisha imeandikwa NOEMPTY, kwa sababu EMPTY ikifika kikomo inatoa zote kwa mpigo kwenye katalogi, siyo ile ya zamani peke yake, yaani sijui nani anaihitaji hiyo kwenye akaivu.

Kutoka kwenye katalogi peke yake hakufuti tepu, hapo inategemea tepu yenu inalindwa vipi. Kama ofisi yenu inatumia ulinzi wa katalogi, ile EXPDT=99000 ya CA 1 au VRS, yaani sera, ya RMM (CA 1 na RMM ni programu za kusimamia tepu) ya kutunza wakati bado iko kwenye katalogi, basi dataseti ikitoka tu kwenye katalogi tepu inarudi kwenye dimbwi la skrachi (tepu zilizo huru kuandikwa upya) na Jumatatu jobu nyingine inaandika juu yake. Kama mnatumia siku, kama hiyo RETPD=2557 ambayo ni miaka saba na siku mbili za miaka mirefu, tepu inabaki hata ikitoka kwenye katalogi ila itabidi uitafute kwa namba yake ndani ya mfumo wa tepu. Kaa na mtu wa tepu mezani muulizane swali hili kabla ya kitu kingine chochote. Kwa njia, wale wa zamani walikuwa wanaandika EXPDT=99365 wakimaanisha milele, alafu 31 Desemba 1999 ikawa inakuja kweli, ndo maana mpaka leo mfumo unaichukulia 1999/365 kama "usifute kamwe" na siyo kama tarehe.

La pili ni kurudia jobu. Ndani ya jobu moja (+1) ni ileile mwanzo mpaka mwisho, namba inasogea jobu ikiisha. Jobu ikifa stepu ya nne baada ya tepu kukatalogiwa stepu ya kwanza, na opereta akaianzisha tena kutoka stepu ya nne bila kubadilisha, (+1) sasa inatafuta jenereshini ambayo haipo, inatakiwa iwe (0). Akiianzisha kutoka juu kabisa unapata wiki moja mara mbili. Sio mwisho wa dunia lakini mtu akija kujumlisha pesa baadaye anapata jumla ya ajabu. Andika maelekezo ya kurudia juu kabisa ya JCL, kwenye maoni, opereta wa saa tisa usiku hatafungua hati yoyote ya Word.

La tatu ni idadi ya volyumu, yaani tepu moja moja ambazo faili moja linaruhusiwa kutumia. Usipoandika chochote kwenye VOL mfumo unakupa volyumu tano tu, zikijaa unakula S837-08, kosa linaloua jobu. Kwenye tepu za kawaida za siku hizi huwezi kufika huko, ila kwenye tepu pepe (mashine ya diski inayojifanya tepu) zenye volyumu za MB 800 tano ni GB 4 tu za data iliyokwisha banwa, na ule mzigo wa mara ya kwanza, ule wa miaka minane kwa mpigo, unavuka hapo kirahisi sana. Ndo maana hapo juu nimeweka 20.

Kwa upande wa kuidai data GDG haina mpinzani. Ni faili la kawaida, COBOL inasoma, SORT inasoma, unaita jenereshini ya wiki unayoitaka kwa jina lake la G0123V00 na unachuja unachotaka bila kurejesha kitu chochote kwenye diski kwanza.

MOD, tepu moja inayokua

Kuna wanaoweka DISP=MOD, kila wiki rekodi zinaongezwa mwishoni mwa dataseti ileile. JCL ni fupi, jina ni moja, wakaguzi wanapenda kwa sababu kila kitu kiko sehemu moja. Mi siipendi na sitazunguka sana hapa. Jobu ikifa katikati ya kuandika hujui mwisho wa faili uko wapi, kurudia kunaongeza rekodi mara ya pili, huwezi kutupa mwaka wa kwanza bila kunakili vyote vilivyobaki, na tepu ikiharibika umepoteza kila kitu kwa pamoja. Na kusoma wiki ya mwisho lazima upite wiki zote zilizotangulia. Kama unayo tayari iache ilivyo, anza GDG pembeni kuanzia wiki hii.

ADRDSSU, unabeba dataseti nzima

DFSMSdss, ambayo ADRDSSU ndo jina la programu yake, ni mnyama tofauti. Hii haijui rekodi, inajua dataseti. Unaiambia DUMP DATASET na INCLUDE ya majina, inafunga dataseti mia kwenye faili moja la tepu, inabeba na tabia zake zote, KSDS inarudi ikiwa KSDS na funguo zake na nafasi zake, huhitaji kukumbuka uliidefaini vipi. Ukiweka DELETE inafuta na chanzo ikishamaliza. Kwa kasi haishikiki.

Inafaa sana kama data zako tayari zimegawanyika kwa majina, tuseme PROD.MIAMALA.Y2017.M03 na kuendelea. Hapo kila wiki unasema zote zenye umri fulani ziende, hakuna SORT hakuna mgawanyo. Kama historia na data hai ziko faili moja, ADRDSSU haikusaidii peke yake, itabeba faili zima kila wiki na hilo jina lake ni bakapu. Watu wanachanganya sana haya mawili. Bakapu ni ya kurudi jana mambo yakiharibika, ukishachukua mpya ya zamani unaweza kuitupa, akaivu ni nakala ya data ambayo huku kwenye diski haipo tena, ukiitupa imekwenda.

Ubaya wake uko kwenye kusoma. Kile kilicho kwenye tepu hakisomwi na programu yoyote isipokuwa ADRDSSU yenyewe, lazima RESTORE kwanza, na RENAMEU ili isikae juu ya dataseti hai yenye jina hilohilo. Mkaguzi anataka rekodi ishirini, we unatafuta GB 60 za diski za kurejeshea. Na jina la faili la tepu halikuambii ndani kuna dataseti gani, orodha iko kwenye SYSPRINT (ripoti ya jobu) ya siku ile ile ya kuhifadhi, kwa hiyo SYSPRINT nayo iende kwenye GDG yake, usiiache kwenye SYSOUT, foleni ya kuchapisha, ifutwe baada ya siku tano.

HSM, unaacha mfumo ufanye

HSM ni programu inayoshusha na kurudisha dataseti yenyewe, kwa hiyo hapa huandiki jobu ya wiki kabisa. Watu wa storeji wanaweka sera kwenye management class (kundi la kanuni za utunzaji), dataseti isiyoguswa siku kadhaa inashuka ML1 ambayo ni diski, ikizidi kukaa inashuka ML2 ambayo ndo tepu, au inakwenda ML2 moja kwa moja. Kwenye katalogi volyumu inasomeka MIGRAT. Mtu akiigusa HSM inairudisha yenyewe, yeye anasubiri tu. Hakuna anayejaza fomu, hakuna anayepiga simu kwa opereta.

Kizuri ambacho watu hawakitaji: HSM inafanya RECYCLE. Tepu ambayo data zake nyingi zimekwisha muda wake inafunguliwa, zilizo hai zinahamishiwa tepu mpya, ya zamani inarudi skrachi. Maana yake mkihamia kizazi kipya cha draivu, HSM inaweza kusogeza data ya zamani kwenda kwenye katriji mpya bila ya we kuandika jobu. Tepu ya GDG uliyoiandika mwenyewe inakaa kwenye katriji ile ile mpaka mtu akumbuke. Hili si jambo dogo, draivu ya TS1150 ya IBM iliyotoka 2014 haisomi tena katriji za JA na JB za familia hiyohiyo ya 3592, na JA zilianza 2003 tu. Ukiwa na amri ya kutunza miaka kumi na tano umeshakutana nalo.

Ila sasa. HSM nayo inajua dataseti tu, haijui rekodi, kwa hiyo yale niliyosema kwenye ADRDSSU yanarudi hapa. Pili, kuhamisha siyo kuwa na kopi mbili, dataseti iliyoshuka ML2 ipo sehemu moja, msipowasha DUPLEX (kuandika kopi mbili) kwa upande wa migration (kushusha) mna kopi moja ya historia ya kampuni. Tatu, dataseti ziko huko chini lakini kuelewa ziko wapi kunakaa kwenye MCDS na ndugu zake, yaani faili za kumbukumbu za HSM yenyewe, hizo zikipotea una tepu zimejaa data na hakuna anayejua kipi ni kipi. Nne, jobu moja ya mtu asiye na habari inayopita juu ya majina yote na kufungua kila dataseti inaweza kuita mamia zirudi kwa mpigo, diski zinajaa, draivu zote zinashikwa, na batch ya usiku imekaa inasubiri tepu.

Na tano, tarehe ya kufa. Sera ile ile inayoshusha ndo inayofuta, na mtu akibadilisha management class mchana mmoja kwa ajili ya kitu kingine kabisa, dataseti zako zinafuata sheria mpya bila kukuuliza. Kwa data ambayo sheria inakutaka uitunze mi ningeomba iwe na management class yake peke yake, yenye jina linalojieleza, na mtu mmoja tu wa kuidhinisha mabadiliko.

Tepu yenyewe: ya kushika au pepe

Hili linabadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. Katriji ya 3480 mwaka 1984 ilibeba MB 200, kwa hiyo dataseti moja kwa tepu moja ilikuwa kawaida kabisa. Leo katriji ya TS1170 inabeba TB 50 bila kubana. Ukiandika GB 3 za wiki kwenye katriji ya kushika, ukaiacha hivyo, kila mwaka una katriji 52 karibu tupu, ni kama kukodi lori kwa ajili ya mfuko wa sukari. Dawa ya zamani ni kupanga dataseti nyuma ya nyingine kwa LABEL=(2,SL) na VOL=REF, inafanya kazi, ila dataseti moja kwenye tepu ikiwa bado hai tepu nzima inashikiliwa, na kuhesabu nani yuko nafasi ya ngapi ni kazi ya kuchosha.

Kama mna TS7700, mashine ya tepu pepe ya IBM, au mfano wake tatizo hili limekwisha. JCL inaona draivu ya 3490E na volyumu ndogo, ndani mashine inaweka volyumu hizo kwenye diski yake na kuzipanga pamoja kwenye katriji halisi kama zimeunganishwa. GDG moja kwa volyumu moja pepe inakuwa sawa kabisa. Inaweza pia kunakili kwenda mashine ya pili iliyoko jengo lingine, muulize msimamizi wake kama dimbwi lako linanakiliwa, usidhani tu.

Kama hamna tepu pepe na wiki zenu ni ndogo, kuna njia ya katikati ambayo naipenda: andika jenereshini ya GDG kwenye diski, ipe management class ya kushuka ML2 kesho yake. Unapata usomaji wa GDG, HSM inapanga tepu, na RECYCLE unaipata bure. Angalia tu ile sehemu ya jenereshini zilizotoka kwenye GDG isiwe imewekwa kufuta.

Kwa hiyo nani achukue nini

Historia na data hai ziko faili moja, na wanaodai wanataka rekodi: GDG na SORT, tepu pepe kama ipo, diski na HSM kama haipo. Data imeshagawanyika kwa mwezi au mwaka na watu bado wanaichungulia mara moja moja: HSM, usijisumbue kuandika jobu. Mfumo umezimwa kabisa, mnataka kuufunga wote pamoja na faili zake za VSAM kwa ajili ya sheria tu: ADRDSSU, kopi mbili, SYSPRINT pembeni. Kama ni DB2, ile database ya IBM, hizi zote siyo kianzio, kianzio ni UNLOAD ya rekodi za zamani kwenda GDG pamoja na SYSPUNCH yake inayokueleza muundo, maana image copy (bakapu ya DB2) imefungamana na jedwali lilivyo na ikipita miaka jedwali limeshabadilishwa mara kadhaa.

Vitu vya kufanya kwa njia yoyote

Kopibuku, yaani maelezo ya muundo wa rekodi kwa COBOL. Rekodi zina COMP-3 (namba zilizobanwa) ndani, ziko EBCDIC (usimbaji wa herufi wa mainframe), baada ya miaka sita programa aliyekuwepo ameondoka na kopibuku imebadilishwa mara nne. Nakili kopibuku ya siku hiyo kwenye GDG ndogo inayoenda sambamba, namba ya jenereshini ile ile. Ni kilobaiti chache.

Kuhesabu kabla ya kufuta. Rekodi zilizoingia lazima ziwe sawa na za tepu jumlisha zilizobaki, na za tepu uzihesabu kwa kuisoma tepu upya, siyo kwa kuamini alichosema aliyeandika. Stepu ya kufuta na kudefaini upya KSDS ikae ndani ya IF inayoangalia hesabu hiyo, na faili lifungwe CICS kabla ya SORT kuanza kusoma, siyo kabla ya kufuta, vinginevyo muamala ulioingia katikati hauko kwenye tepu wala kwenye zilizobaki.

Ukubwa wa bloku. Kama anayeandika ni SORT, mwachie mfumo uchague, kwa rekodi za baiti 200 utapata 32600. Kama ni programu ya COBOL angalia FD yake (sehemu inayoeleza faili) ina BLOCK CONTAINS 0, isipokuwepo inaandika rekodi moja kwa bloku moja na jobu ya dakika kumi inakuwa ya masaa. Na kubana waachie draivu au ile TS7700, kubana kwa programu kabla ya hapo kunakula CPU ambayo mnalipia.

Enkripsheni. Draivu za 3592 zinaifanya tangu TS1120 mwaka 2006, sawa, washa, ila funguo zinatakiwa ziishi miaka mingi kama tepu yenyewe. Mtu wa usalama anayefuta funguo za zamani kila baada ya miaka miwili lazima ajue kwamba wewe upo.

Na kwenye skedyula, iwe Control-M, CA 7 au TWS, iweke ikimbie baada ya bakapu ya wiki na kabla ya jobu za mwisho wa mwezi, na Jumapili inayoangukia mwisho wa mwezi iruke, DATE1 itabeba wiki inayofuata. Jobu ya kurejesha wiki moja iandikwe wakati huo huo na ya kuhifadhi, ikae kwenye laibrari moja, na watu wa skedyula waiweke mara moja kila robo mwaka ichukue jenereshini yoyote ya zamani na kuisoma mpaka mwisho.